Tunajenga madarasa ya nasari, mwalimu tunamwacha mlangoni

MwanaLangoni (mwenye uzi)

Assalam alaykum wadau wa Amu (Lamu) na visiwa vyote, mlioko Malindi, Mombasa na ng'ambo.

Wiki hii picha zimezunguka sana kwenye magrupu. Darasa jipya la PP1 na PP2, ile miaka miwili ya nasari kabla ya Gredi 1, mahali sitataja, rangi mbichi, ukutani kumechorwa punda na jahazi, wazee wa kamati wamejipanga, utepe umekatwa. Chini yake ni mashallah juu ya mashallah, na mimi nikatia yangu. Kisha nikauliza: madam atakayefundisha humo ni nani, na mkataba wake ni wa muda gani? Nikajibiwa kwa kichwa cha kucheka, na mmoja akaandika, "Kwani kuimba na watoto kwataka mkataba?"

Basi tulizungumze hapa, kule lingepotea katikati ya dua na matangazo ya viwanja.

Tuanze na sheria, maana watu hulaumu pasipo. Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti elimu ya kabla ya msingi na vituo vya kulelea watoto. Msingi na sekondari zikabaki serikali kuu, walimu wake wakabaki TSC, tume ya taifa ya kuajiri walimu. Kwa hivyo tangu kaunti zianze kazi 2013, mwajiri wa mwalimu wa nasari ni kaunti. Ndiyo maana unaingia kiwanja kimoja cha shule, bendera moja, kengele moja, ukakuta mwalimu wa Gredi 1 yuko TSC na pensheni yake, na mlango wa pili mwalimu wa PP2 ana mkataba asioujua kama utaongezwa. Wote wawili wamesajiliwa na TSC. Mtoto naye ni yule yule: mwisho wa mwaka yuko kwa huyu wa PP2, Januari yuko kwa yule wa Gredi 1.

Zamani ilikuwa ngumu zaidi, tusidanganyane. Nasari nyingi zilikuwa za harambee. Wazazi walijenga na wazazi ndio waliomlipa mwalimu. Kwetu maana yake kusi likivuma, mashua zikapandishwa pwani, madam naye hana mshahara mpaka bahari itulie. Kaunti imepunguza hilo na haki yake tuipe. Lakini kaunti zote zina ugonjwa mmoja: darasa lina utepe wa kukatwa na jiwe la kuandikwa jina. Mwalimu hana utepe.

Sasa ndugu yangu wa "kuimba na watoto" nataka nimpeleke Ypsilanti, mji wa Michigan, Marekani. Kuanzia 1962 mwanasaikolojia David Weikart na wenzake walichukua watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani Weusi, wa miaka mitatu na minne. Wakawagawa: 58 wakatiwa shule ya awali iliyoitwa Perry, 65 hawakutiwa. Kisha wakawafuatilia mpaka ukubwani. Walipofika miaka 40, waliopitia Perry walikuwa na kipato kizuri zaidi, na waliowahi kukamatwa na polisi mara tano au zaidi walikuwa asilimia 36, wakati upande wa pili ni asilimia 55. Mwanauchumi James Heckman, mwenye Nobeli ya 2000, alipiga hesabu na wenzake wakaona fedha iliyotiwa pale ilirudisha kama asilimia 7 hadi 10 kila mwaka.

Hiyo asilimia wanasiasa wetu wanaipenda, utaisikia kwenye kila hotuba ya ufunguzi. Yanayoachwa ni haya: kila mwalimu wa Perry alikuwa na watoto watano au sita. Walimu wote walikuwa na shahada na cheti cha ualimu. Na kila wiki walikwenda nyumbani kwa mtoto, saa moja unusu, wakakaa na mama yake. Jengo lilikuwa shule ya msingi ya mtaani tu. Huwezi kuitaja faida ya Perry jukwaani, kisha ukamtia madam mmoja na watoto arubaini na kitu kwa mkataba wa miezi.

Na kama Marekani ni mbali, kuna Mombasa. Katikati ya miaka ya 1980 ilianza programu ya nasari za madrasa kwa msaada wa Aga Khan Foundation, na mwalimu aliyeibeba mwanzoni ni Bi Swafiya Said. Wanawake wa mitaa ile ile ndio waliofundishwa kazi. Vifaa vilikuwa vya kuokota na kutengeneza. Mbinu nyingine walizitoa kwa hao hao kina Weikart wakazishona na Kiswahili na dini. Programu ikavuka hadi Zanzibar na Uganda. Utafiti uliochapishwa 2008 ulionyesha watoto wa nasari zile walikuwa mbele ya wa nasari nyingine, na wote mbele ya waliobaki nyumbani. Saruji haikuwa ndiyo tofauti. Kilichozidi ni mafunzo, na mkufunzi aliyekuwa akirudi darasani kila mara kukaa na mwalimu, amwone anavyofundisha, amrekebishe.

Tena sisi Waamu hatuna udhuru. Mwalimu wa chuo, anayefundisha Kurani, tunamjua thamani yake. Mtoto akihitimu kuna khitma, kuna sinia, kuna bahasha, na mtu mzima wa miaka sitini akipita kwa mwalimu wake wa chuo husimama akambusu mkono. Madam wa nasari anampokea mtoto umri ule ule, naye hata jina lake wengi hatulijui.

Swali langu: mtaani kwenu kinahesabiwa nini, madarasa au walimu?

Nahodha_wa_Pate

Wa alaykum salaam. Umeandika vizuri ila mimi nitakuwa mbaya wako leo.

Kwanza msinijie na "samaki mkunje angali mbichi", hiyo tumeisikia. Mimi sikusoma nasari. Nilitoka chuoni nikaingia darasa la kwanza, leo nina mashua mbili na vijana kumi wanakula kwangu. Wazee wetu waliokwenda na jahazi mpaka Bara Hindi walisoma PP2 gani?

Pili, pesa ya kaunti ni kapu moja. Kuna zahanati visiwani mama akishikwa na uchungu usiku anatafutiwa boti kwa simu ya jirani. Ukiniambia shilingi hii iende kwa wa kuimba au iende kwa mafuta ya boti, sitafikiri mara mbili.

Tatu, na hili ndilo hamtaki kulisema, hizo ajira za nasari zinagawanywa kwa kujuana. Mnataka tuwape mkataba wa kudumu watu waliopata kazi kwa sababu shangazi yake alipiga kampeni?

MadamWaVisiwani

Mimi ndiye huyo wa kuimba. Nimesoma kimya kwanza, lakini acha niseme, na niwieni radhi nitarefusha.

Januari nikipokea PP1, sianzi na penseli. Naanza na sinia lina kunde na mchele vimechanganywa, mtoto achambue. Wazazi wakipita dirishani husema madam amewageuza wapishi. Lakini tazama vidole. Kidole gumba na cha shahada vikikutana kuokota kunde moja, hivyo hivyo ndivyo vitakavyokuja kushika penseli. Mtoto ambaye vidole havijapata nguvu, ukimpa penseli ataishika kwa ngumi, atabonyeza mpaka karatasi itoboke, atalia, na kuanzia siku hiyo kuandika kwake ni adhabu. Baada ya kunde nawapa miyaa. Watoto wa huku wameona nyanya zao wakisuka ukili tangu wanatambaa, kwa hivyo wanajaribu wenyewe bila kulazimishwa. Ukili wenyewe huwa kichekesho, lakini mkono unajifunza kwenda kushoto na kulia, na jicho linaufuata.

Kisha mzazi anakuja na daftari la mtoto wa jirani aliyeko shule ya kulipa, limejaa a e i o u kurasa kumi, ananiuliza, "Mbona wangu acheza tu?" Hapo napoteza asubuhi nzima.

Sasa nyimbo. Nikiimba wimbo wa kuhesabu, mtoto anaruka namba saba kila siku, najua. Mwingine anaimba vizuri na wenzake, nikimwachia peke yake hana hata tano, najua alikuwa akifuata mkumbo. Wimbo ndio mtihani wangu, tena wao hawajui kama wanapimwa.

Nilikuwa na mtoto mmoja, kwao walimwita mkaidi. Haitiki akiitwa. Nikaona tukiimba yeye hakazi macho ila kwenye midomo yangu, na nikigeukia ubao anaacha kuimba. Nikasimama nyuma yake nikamwita jina lake. Kimya. Nikapiga kofi upande wa kulia, hakugeuka, nikapiga wa kushoto, akageuka. Nikamwita mamake, wakaenda hospitali, ikaonekana masikio yana usaha wa siku nyingi. Akatibiwa. Si kwamba yote yalirudi, lakini sasa hukaa mbele upande anaosikia, na ukaidi umekwisha. Angefika Gredi 3 na fimbo ngapi mgongoni?

Nahodha, kaka yangu, nakuheshimu. Wazee wa jahazi walisoma, tena sana. Walikaa chini ya nahodha tangu wadogo na aliwafundisha nyota na pepo kwa mkono na kwa wimbo. Hiyo ndiyo kazi yangu. Tofauti ni kwamba nahodha alikuwa na fungu lake safari ikirudi.

Mshahara wangu sitautaja. Nitasema tu kuna miezi imechelewa tukala deni dukani, na unga wa uji wa darasani ukipungua, wa kwanza kutia mkono mfukoni ni madam.

Barubaru_Mld

Salamu kutoka Malindi. Nyinyi mmezungumza mtoto peke yake, mimi nizungumze mamake.

Huku kina mama wengi wanafua na kupika mahotelini, wengine wanachukua samaki alfajiri wakauze Sokoni. Saa kumi na mbili asubuhi mtu yuko barabarani. Mtoto wa miaka minne unamwacha na nani? Na dada yake wa miaka kumi, ambaye yeye mwenyewe anafaa kuwa shule. Kwa hivyo nasari ikiwepo na mwalimu akiwepo, watu watatu wameokolewa: mdogo anasoma, dada anasoma, mama anafanya kazi. Mwalimu asipokuja siku mbili, dada ndiye wa kwanza kukosa shule. Nimeliona hilo jirani yangu.

Na kuna wale wa kulelea watoto majumbani, chumba kimoja na watoto kumi na tano, televisheni imewashwa kutwa. Hao nao Katiba imewatia kwa kaunti, jedwali lile lile alilolitaja mwenye uzi. Nani anawakagua? Nani amewafundisha? Siwalaumu, wanasaidia, lakini tukizungumza walimu wa wadogo tusiwasahau.

BiKizee_Mkomani

Mjukuu wangu asubuhi akikataa uji mamake yuwapiga kelele mtaa mzima. Nikimwambia "madam tamwambia", yuwala mpaka yuwalamba kijiko. Mkataba mpeni.

MtotoWaWitu

😂 Bi mkubwa umemaliza.

Niongeze la huku bara. Kwetu darasa moja la PP1 lina mtoto wa Kiorma, wa Kigiriama, wa Kipokomo, wa Kiswahili, na ukisogea Mpeketoni wa Kikuyu. Mtaala unasema mpaka Gredi 3 mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo. Haya, eneo lipi? Mwalimu mwenyewe ndiye anayeamua saa ile, kwa kumtazama mtoto usoni. Ninayemjua mimi ameokota maneno ya kila lugha: kaa, njoo, maji, chooni, usilie, mama atarudi. Hakufundishwa na yeyote na hakuna posho ya hayo.

Na nendeni msituni Basuba, kwa ndugu zetu Waaweer. Tangu mashambulizi ya 2014 na yaliyofuata, shule kule zimefungwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena. Majengo yalibaki yamesimama. Palipokosekana mwalimu, darasa likawa la mbuzi. Kama mtu anataka ushahidi wa anachosema mwenye uzi kuhusu darasa na mwalimu, ni huo.

Nahodha_wa_Pate

Madam nimekusoma. Hilo la masikio limenigusa, nina mpwa wangu nimeshamwita mkaidi mara nyingi. Nitampigia kofi kulia na kushoto leo, namaanisha la mikono jamani.

Lakini la kujuana bado hamjanijibu. Na la boti.

MwanaLangoni (mwenye uzi)

La boti: hakuna anayetaka mama afe baharini, nahodha. Ila angalia kapu vizuri. Shilingi ya darasa jipya mahali ambapo la zamani lingetiwa dari tu, hiyo ndiyo ninayoitaka mimi. Usinigombanishe na boti, nigombanishe na mkandarasi.

La kujuana: unasema kweli, na ni hoja inayonisaidia mimi. Mkataba mfupi ndio unaolisha kujuana. Mwalimu ambaye kila mwisho wa mkataba lazima aende kwa mheshimiwa kuomba aongezwe, huyo ameshakuwa wa mheshimiwa. Tangazo litoke wazi na bodi ya kaunti ya utumishi wa umma, vyeti viangaliwe, mtu akaone mwombaji akishika darasa nusu saa, kisha apewe kazi ya kudumu asiwe na deni kwa mtu. Aliyeingia kwa shangazi na hajasomea, asomeshwe au atoke. Mimi sitetei kila aliyekaa kwenye kiti.

Mmoja ameniandikia faraghani kwamba utafiti wa Perry ulionyesha akili za wale watoto zilirudi kuwa sawa na wenzao baada ya miaka michache. Ni kweli, na afadhali umelitoa. Alama zao za vipimo vya akili zilizidi za wenzao mwanzoni, zikafifia kabla ya miaka kumi. Kilichobaki kikawasaidia ukubwani ni mengine: kukaa na jambo mpaka liishe, kungoja zamu, kutomaliza kila ugomvi kwa ngumi. Sasa niambieni, hayo mtoto anayapata kwenye kitabu gani? Anayapata kwa mtu mzima mwenye subira aliyemwona kila siku mwaka mzima. Ndiyo maana mwalimu anayebadilishwa kila muhula, hata awe hodari, ni hasara.

Halafu bandari. Gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021 na mpaka leo maskani zote kilio ni kimoja, kazi zinachukuliwa na watu wa nje, wetu hawana vyeti. Mtoto aliyeingia PP1 mwaka ule atatafuta kazi pale siku moja, na hakuna anayeuliza nani alimpokea.

Kwa wanaouliza tufanye nini: kalenda ya bajeti iko kwenye sheria ya fedha za umma ya 2012. Mkakati wa fedha wa kaunti hupelekwa bunge la kaunti kufikia mwisho wa Februari, makadirio kufikia 30 Aprili, na hupitishwa kabla ya Juni kwisha. Vikao vya maoni ya umma huwa humo katikati. Watu wetu huenda kupokea soda na nauli. Nendeni na swali moja limeandikwa: kwenye elimu ya awali, kiasi gani ni ujenzi, kiasi gani ni mishahara na mafunzo ya walimu? Wataje kwa tarakimu, na mtu arekodi kwa simu.

Nahodha_wa_Pate

Nitakwenda. Nikienda mimi soda yangu nitainywa kwanza.

Barubaru_Mld

Mwenye uzi, hilo la ujenzi na mishahara ongeza "na uji". Kuna kaunti zimeanza kulisha watoto, Nairobi wana Dishi na County tangu 2023 na nasari zimo. Mtoto mwenye njaa hata madam awe malaika hasikii kitu.

MamaWawili_Shela

Samahani kuingilia, madam kama bado upo. Wangu anatimiza miaka minne mwezi wa Machi. Nimpeleke Januari au ningoje? Na nije na nini?

MadamWaVisiwani

Mlete Januari, dada, PP1 ni ya miaka minne, na hiyo miezi miwili iliyobaki si kitu. Njoo na cheti cha kuzaliwa, kama hakijatoka lile karatasi la hospitali kwanza, na kadi ya kliniki nione chanjo. Mfundishe kufungua suruali mwenyewe, vifungo vinatuchelewesha sana. Penseli usinunue bado. Na wiki ya kwanza akilia ukiwa mlangoni, muage, umwambie utarudi saa ngapi, uende kweli. Usijifiche nyuma ya dirisha, wanawaona.